Chakula cha Arobaini na Ngazi za Kiponda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoitwa nikachelewa kufika, na aliyeniita ni mtu ambaye nikimshukuru mpaka kesho sitamaliza.

Alikuwa mama mkwe wangu, Bi Salma, Mungu amrehemu. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nimeolewa kutoka Paje, nikaletwa mjini, mtaa wa Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi zilizosimama wima kama ukuta. Kwetu Paje nilikuwa nafukua makumbi ya nazi yaliyozikwa mchangani pwani yaoze, nayaponda kwa gongo mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba, kisha nateka maji kisimani na kubeba kuni kichwani. Sahani yangu ya muhogo ilikuwa kilima, na sikuwahi kunenepa. Mjini nikakuta maji ya bomba yako uani na kuni zinaletwa mpaka mlangoni. Kazi zikapungua, sahani ikabaki ileile.

Kisha nikajifungua. Siku arobaini Bi Salma alinilea mwenyewe. Alinipikia bokoboko la ngano na nyama akalimiminia samli, akanipa mchuzi wa kuku wenye pilipili manga tele na maziwa ya tangawizi, na sinia zote hizo alizipandisha juu kwa mikono yake, mtu mzima yule. Akanikanda kwa maji ya moto na kunifunga tumbo. Sijalelewa vile tena. Ndiyo ada yetu, mzazi hulishwa akashiba, kwa sababu mwili wake umechoka na una mtoto wa kunyonyesha.

Basi arobaini ikaisha, mimi sikuisha. Mtoto akaachishwa ziwa, mama yake bado anakula cha mzazi. Asubuhi bokoboko, adhuhuri wali wa nazi, na katikati kipande cha halua hapa, kitumbua pale. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Majirani wakinikuta barazani wananisifu, "Mashaallah, umenawiri, mume anakutunza!" Nami nikaogopa kupungua, wasije wakasema duka la mume wangu limefilisika. Usinicheke, mwanangu. Ndivyo tulivyokuwa tukipima mapenzi ya mume, kwa upana wa mke. Mwisho tukahamia chumba cha chini, maana ngazi zilikuwa zinanikata pumzi.

Ndipo Bi Salma akapatwa na kiharusi, mguu mmoja ukafa ganzi. Tulitaka kumshusha chini, akakataa. Alisema chumba kile cha juu aliingia bibi harusi, na atatoka kwa jeneza.

Asubuhi ile akaniita nimpelekee maji ya kunywa. Mume wangu alikuwa dukani. Nikachukua bilauri, nikaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza nikaketi. Ya pili nikaketi tena, kifua kinanibana, nusu ya maji imenimwagikia. Nilipofika nikamkuta sakafuni. Alichoka kuningoja, akajikokota kuufuata mtungi wa maji pembeni mwa chumba, akaanguka, na paji la uso linamtoka damu.

Nililia. Aliyenipandishia sinia siku arobaini, mimi bilauri moja imenishinda! Shukurani ya punda ni mateke, na punda alikuwa mimi.

"Wacha kulia, nipe hayo yaliyobaki," akasema. "Nilikuwa nnakusikia unavyohema tangu ngazi ya mwanzo. Nikasema, huyu mpaka aje afike, mie ntakuwa nshafika." Akacheka, na damu inamchuruzika. Kisha akanishika mkono. "Zuhura, kazi za Paje umeziacha Paje, lakini njaa yake umekuja nayo mjini. Na chakula cha mzazi unakila, na mzazi hayupo."

Hakunipigia kelele. Angenipigia ingeniuma kidogo tu, lakini upole wake uliniingia mpaka kwenye mifupa.

Kwa ujinga wa ujana nikasema sasa sili kabisa. Siku ya pili nikaona kizunguzungu jikoni, nusura niangukie chungu cha mchuzi. Alipopata habari akaniita. "Nimekwambia upunguze, sikukwambia ujiuwe. Mwili ukiunyima leo, kesho utakula na sufuria."

Akatoa amri chakula cha jioni tule naye juu, na upawa ashike yeye. Kabla hajapakua aliniuliza, "Haya, leo mwili wako umefanya nini?" Nikiwa nimefua na kupandisha ndoo za maji, alinijazia sahani bila choyo. Nikiwa nimeshinda barazani, wali ulikuwa kidogo, mchicha na samaki ndio wengi. Halua ikangoja sikukuu. Kuna siku nilinuna mdomo ukafika kifuani, naye hata hakunitazama. Na kwa kuwa chakula kiko juu, ilibidi nikifuate. Mwanzo nilipumzika kila ghorofa, baadaye moja tu, kisha nikasahau kupumzika. Bandu bandu huisha gogo. Majirani waliponiuliza kama nimegombana na mume, niliwajibu mume yupo na duka lipo, wali ndio umepungua.

Bi Salma aliishi miaka kadhaa tena. Alfajiri moja aliita jina langu, mara moja tu, kwa sauti ya mbali. Nilizipanda ngazi zile zote bila kuketi. Nikakipakata kichwa chake, nikamtamkia shahada, naye akaifuatisha mpaka mwisho. Lau ningekaa kutweta ghorofa ya pili, ningemkuta maiti. Yeye ndiye aliyeniwezesha kumfikia, na kila nikimwombea dua huianza kwa asante.

Nasikia siku hizi mnahesabu kalori kwenye simu. Hesabu tu, mwanangu, si vibaya. Lakini chakula hufuata kazi. Siku uliyoshinda kitini usile kama aliyelima, na siku uliyolima usijinyime, maana njaa ya kulazimisha hurudi na hasira. Ukiwa mja mzito au unanyonyesha, kula, ni haki yako. Maisha yako yakibadilika, na sahani yako ibadilike. Punguza kidogo kidogo, wala usimsikilize anayekusifu au kukucheka kwa unene wako. Yeye hatakupandia ngazi.

Mungu akupe riziki ya halali na kiasi cha kuila. Akupe mwili mwepesi, mwanangu, ili mama yako atakapokuita, umfikie. Amina.