Kitovu cha Kapu la Kimisri

Kwenye jumba la makumbusho ninakofanya usafi, hapa Stockholm, kuna kapu la Misri ya kale ndani ya kioo. Ni fungu la nyasi lililoviringishwa kwa chane za majani ya mtende, likashonwa mzunguko juu ya mzunguko, vile vile mama yangu anavyosuka Shinyanga mpaka leo. Tofauti ni kwamba kapu la Mmisri lina taa yake na kipimajoto chake, na la mama lina mahindi.

Kosa langu lilikuwa kumwambia hivyo mwanamke wa Kiswidi anayesimamia warsha za wageni. Macho yalimtoka. Alikuwa anatafuta mwalimu wa kufundisha usukaji wa Kimisri kila Jumamosi, na mbele yake amesimama Mwafrika mwenye ndoo. Akauliza kama najua kusuka. Nikasema tangu utotoni. Miaka tisa nimepiga deki pale. Ningeulizwa kama nilijenga piramidi ningekubali pia. Tukapatana Jumamosi moja ya majaribio. Ikienda vizuri, ualimu ni wangu na deki naiaga.

Na sikudanganya. Ila kwetu binti haanzishi kapu. Mama ndiye anayesuka kitovu, ule mwanzo mdogo kama kifungo cha shati, kisha anakukabidhi uendelee. Kila kapu nililowahi kusuka lilinifikia limeshaanza. Hilo nililikumbuka nikiwa mbele ya Waswidi kumi na wawili, kila mmoja na nyasi zake zilizolowekwa, wakiitazama mikono yangu.

Nikajaribu. Fungu likafumuka. Nikajaribu tena, huku nikieleza kwa kujiamini jinsi Wamisri walivyosuka vyombo vya nafaka, vya nguo, hata vya kuzikia maskini. Likafumuka tena, na mmoja wao alikuwa anaandika. Haya ilinishika mpaka nikaitamani ndoo yangu.

Nikampigia mama kwa video.

"Umekaa Ulaya miaka yote hiyo, kuanzisha kapu tu kunakushinda?" akasema.

Nikawatafsiria kwamba mama anawakaribisha sana. Akachukua nyasi zake, akaanza polepole, nao wakamfuata. Nikamuuliza, kwa kuwa hakuna aliyetuelewa, kwa nini hakunifundisha kitovu. Hakuinua macho.

"Ningekufundisha ungekuwa unasuka mpaka leo. Nilikuwa nakuanzishia umalize upesi, ukasome."

Hiyo sikuitafsiri. Nilisoma kweli. Shahada yangu ya biashara iko kabatini, nyumbani kwangu Vårby gård, ndani ya bahasha ya plastiki. Nikajifanya nakagua kazi ya bibi mmoja aliyekuwa karibu.

Kufikia saa sita kila Mswidi alikuwa na kitovu chake, na mimi pia. Msimamizi alifurahi mno. Akaniita pembeni, akauliza kama mama angekubali kufundisha kila Jumamosi, kwa simu. Nikauliza, na mimi je? Akasema bila shaka nami nipo, lazima awepo mtu wa kuishika simu, nikishamaliza sakafu.

Jioni nilimpigia mama nikamwambia amepata kazi Ulaya. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimewaambia kwamba yeye hakusoma.