Mbegu ya Uwele Kutoka Chemba

Mwezi wa tisa mwaka huu nilimzika mama hapa Hombolo. Katikati ya matanga unga uliisha na wageni bado wanaingia. Majirani waliokuwa jikoni wakashusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi, wakasaga kilichomo. Ilikuwa mbegu yake ya uwele. Tuliila wote, na mimi nilikula.

"Mbegu ya mahindi ipo dukani," alisema mdogo wangu Yohana. Nikamwambia mahindi ya mwaka jana yalikauka yakiwa gotini, uwele wa mama ukasimama. Nikajifunga kitenge, nikaondoka kwenda kuitafuta mbegu ile.

Kutoka Dodoma mjini basi lilishika barabara ya Kondoa. Nje ni udongo mwekundu, miiba isiyo na jani, na mito ya mchanga mtupu ambako wanawake walichimba mashimo na kuchota maji kwa kata. Mtumishi mmoja aliyehamishwa kutoka Bukoba akatikisa kichwa. "Jamani, huku mnaishije?"

"Kwa kula, kaka," nikamjibu. Abiria wakacheka.

Mchana nilifika Chemba kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa huko akiwa na mbegu hiyohiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilipomweleza kilichonileta, akasema, "Yaani mmemzika dada yangu, mkala na mbegu yake?" Akacheka, kisha akalia. Siku hizi analima alizeti, ndiyo inayouzika. Uwele ulibaki kibuyu kimoja, wa kupanda mwenyewe.

"Basi nirudi mikono mitupu?"

"Nani kasema? Shika jembe. Kwetu mbegu hapewi mtu ambaye hajagusa shamba ilikotoka."

Nililima mpaka viganja vikachubuka. Jioni alimwaga uwele kwenye ungo, akapitisha mkono katikati: nusu yake, nusu yangu.

Kesho yake nilirudi Hombolo. "Mvua yenyewe iko wapi, dada?" Yohana akauliza. Nilipanda kwenye vumbi, kama mama alivyopanda kila mwaka. Wanaosema nchi yetu ni kame wanasema kweli. Mama alilijua hilo, akachagua mbegu inayolijua. Mimi siombi radhi kwa nchi hii, wala sihami.

Mvua bado. Jana asubuhi kwale waliingia shambani kufukua mbegu. Kabla sijainuka, Yohana alishatoka mbio, mabonge ya udongo mikononi, akiwatukana.