Mama wa Balozi na begi la magurudumu

Saa mbili asubuhi, Mama Saizi anamkalisha mteja juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautupia mguu wake jicho moja, anampa kiatu. Kinaingia. Jina la sokoni alilipata hivyo, na jirani yake muuza ndoo, ambaye soko zima linamwita Redio, hachoki kumtania.

"Miguu ya watu unaijua yote, shoga," anasema Redio. "Ya mwanao ndiyo ilikupotea."

Mteja anacheka bila kujua anachochekea. Mama Saizi anainama kufuta viatu ambavyo tayari vinang'aa.

Ameuza viatu vya mtumba tangu mwanawe wa pekee akitambaa chini ya meza hii. Siku njema huuza jozi nane. Mvua ikinyesha na mtaro ukafurika, anashukuru akiuza moja. Kwa jozi hizo kijana alifika chuo kikuu, akakaa nyumbani bila kazi, kisha akachaguliwa katika ufadhili wa mwaka mmoja unaoandaa vijana wa Afrika kuongoza kwenye sera za umma na maendeleo.

"Aliniambia watakuwa vijana wa nchi kumi na mbili," anasema. "Mimi nikasikia ndege."

Soko nalo likasikia ndege. Wauzaji wakachanga, wakamnunulia begi kubwa la magurudumu na kumpa cheo kabisa: Balozi. Mwenyewe hakukanusha.

"Nilijua mafunzo ni wiki tatu tu, mji wa jirani, halafu tunapangiwa vituo," anasema. "Lakini sijawahi kupigiwa makofi maishani. Nikasema nitawaeleza kesho."

Kituo alichopangiwa kilikuwa ofisi ya soko hilohilo, ghorofa ya kwanza, dirisha linaloitazama meza ya mama yake.

Alipompigia mama simu kumweleza, Redio alikuwa ameketi pembeni, masikio yamesimama. "Balozi anasemaje?"

"Anasema kuna baridi," mama akajibu.

Basi ikawa baridi kwa miezi miwili. Balozi alipanga chumba na mwenzake wa kazini, akawa anaingia kwa geti la nyuma, kwenye wauza nyama, na pazia la dirisha lake halikufunguliwa hata jua la mchana lilipowachoma.

"Nilikuwa nachungulia namwona akipokea simu yangu," anasema. "Anageukia ukutani ili wasisikie."

Kazi yake ilikuwa kuwahoji wauzaji kuhusu mtaro. Safu ya viatu aliikwepa, akabadilishana na mwenzake mara hii na mara ile, mpaka bosi akamwambia aende mwenyewe. Akashuka na fulana ya njano ya ofisi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Akauliza biashara, akauliza mtaro. Likabaki swali la familia: ana watoto wangapi? Majirani walikuwa wameshasogea.

"Mmoja," Mama Saizi akasema, macho kwa macho. "Yuko nje ya nchi."

Kijana akaandika.

Redio ndiye aliyeingilia kati, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Balozi, baba, futa hilo. Kila siku tunakuona ukinyata kwa wauza nyama kama paka mwizi. Tulikuwa tunasubiri useme mwenyewe."

Mama Saizi anasema kuchekwa kusingemuua. "Hawa ni watu wangu, wangecheka wakachoka. Lakini kumkana mtoto amesimama mbele yangu, na yeye anaandika..." Anapanga kiatu kilichokwisha kupangwa.

Mwanawe anaangalia chini. "Yeye alinikana mara moja, mimi nilijificha kila siku. Mimi ndiye niliyemzoesha."

Begi alilirudisha, wauzaji wakalikataa. Sasa liko chini ya meza, limejaa viatu vya watoto ili visilowe. Jumanne ijayo Balozi atasimama ukumbi wa soko, mbele ya wakubwa wa mji na wauzaji, kuomba mtaro uchimbwe upya kabla ya mvua.

"Nimemwambia asianze na mtaro," mama anasema. "Aanze na samahani, aingilie geti la mbele."

"Na wewe utakaa wapi?" Redio anachokoza.

"Mbele kabisa. Wakubwa wakiuliza huyu kijana ni wa nani, safari hii nitajibu."