Taya la Nyangeta na Kompyuta ya Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja pale Musoma, nilipewa bakuli la mpira, kijiko na kopo la unga wa plasta, nikaambiwa nikoroge. Nikakoroga kwa madaha, kama ninayepikia wageni uji. Kabla sijamaliza, plasta ikaganda na kijiko kikabaki kimesimama wima. Daktari wa Meno wa Mkoa, bwana mrefu aliyependa kusema na watu huku akivaa glavu, alikitazama kile kijiko, kisha akanitazama mimi.

"Binti, umekuja kutengeneza meno au sanamu?"

Ndivyo nilivyoanza ufundi sanifu wa meno, kazi ambayo vijana wengi hawajui hata kama ipo. Daktari hukaa na mgonjwa. Fundi yuko chumba cha nyuma. Analetewa chapa ya meno, anaimiminia plasta, na ikikauka anakuwa na mdomo wa mtu mkononi bila mtu mwenyewe. Mama yangu alidhani nalipwa kuchezea udongo. Baba, mfugaji wa Butiama ambaye hakuwahi kununua ng'ombe bila kumfungua mdomo kwanza, alielewa bila kuelezwa.

Mataya yale ya plasta tuliyafunga kwenye artikuleta, chombo cha chuma chenye bawaba kinachofunguka na kujifunga kama mdomo unaotafuna. Katikati ya meno tuliweka karatasi ya rangi, tukagonganisha, na palipogusana pakabaki alama. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo bila kuharibu kitu, nilimpelekea bosi nikiwa nimevimba kichwa.

"Panagusa hapa na hapa, Dokta."

"Nimeona. Kwa nguvu kiasi gani?"

"Karatasi haisemi."

"Basi siku itakayosema, uje uniamshe."

Swali lile lilinikaa rohoni miaka yote, na lilinikera kwa sababu lilikuwa la haki. Taya likikaa sawa, nguvu ya kutafuna hugawanyika kwa meno mengi. Likienda upande, meno machache hubeba mzigo wa wenzao, na kiungo kilicho mbele ya sikio, kile unachokisikia kikicheza ukipiga mwayo, huanza kuuma. Karatasi ilituonyesha mahali tu. Uzito tulikisia.

Nilipohamishiwa Bunda nilikisia zaidi. Pikipiki zilikuwa zimeshajaa mjini, na waliotuletea mataya yaliyovunjika, wengi wao kutoka Manyamanyama, walifungwa waya wakapona, lakini si wote waliopona wakiwa wamenyooka. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alikuwa mtu wa haraka na utani. Aliwahi kuniingilia maabara akihema.

"Fundi, huyu kijana anataka kula nyama Jumamosi. Kuna harusi."

"Asubiri harusi nyingine."

"Hii ni ya kwake!"

Tukamsaga jino moja, tukamjaza jingine, na bwana harusi akala nyama. Lakini kama mngeniuliza kwa nini lile jino na si jirani yake, ningewajibu kwa mdomo tu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Butiama, nyumbani kabisa. Huko nilimkuta Daktari Bingwa wa upasuaji wa taya, mwanamke wa umri wa mwanangu wa kwanza, ambaye aliniamkia shikamoo kila asubuhi na kunifokea kila mchana. Yeye ndiye aliyeleta kompyuta. Mgonjwa alipigwa picha za siti skani Mwanza, na programu ikatengeneza taya lake kwenye kioo, ikalikata vipande vidogo vidogo visivyohesabika. Sisi tukaiambia misuli inavuta wapi na mgonjwa anauma kitu gani, chepesi au kigumu. Yenyewe ikapiga hesabu ya kila kipande na kukipaka rangi: bluu pasipo na mzigo, nyekundu panapoelemewa. Nilijifunza kuitumia nikiwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na vijana walinicheka hadi nikawazoea. Siku nilipoona ule wekundu mara ya kwanza, nilimkumbuka bosi wangu wa Musoma.

Ndipo akaja Nyangeta. Alikuwa mama wa watoto wadogo kutoka Kiriba, mshona nyavu, na taya lake la chini lilikuwa limeenda kushoto tangu utotoni. Lilikuwa halijamsumbua. Sasa upande wa kulia ulimuuma hadi alikuwa anakunywa uji tu.

"Nilikuwaga natafuna mahindi ya kuchoma mpaka gunzi linaniogopa," alituambia. "Saa hizi hata ndizi mbivu naiogopa mimi."

Daktari Bingwa alimweleza bila kumficha. Huenda taya likakatwa pande zote mbili, lisogezwe, lifungwe. Wiki kadhaa za chakula cha mrija, na mdomo wa chini ungeweza kupoteza hisia zisirudi. Nyangeta alishika shavu lake.

"Dokta, nikirudi na uso mwingine, watoto wangu watanijua?"

Mimi nilirudi kwenye kompyuta.

Tulimpimia kila chakula tulichokijua: ugali wa muhogo, samaki, nyama, mahindi. Kila mara wekundu ulikuja kushoto, wakati maumivu yalikuwa kulia. Na chonge lake la juu upande wa kulia lilikuwa limelika ukingoni kwa mfereji mwembamba. Daktari Bingwa alizunguka chumba.

"Mama, umeingiza vibaya."

"Nimeingiza mara tatu. Kaa wewe uingize."

Akakaa, akaingiza mwenyewe, akapata kilekile.

Siku Nyangeta alipokuja kuchukua rufaa ya Mwanza, foleni ilikuwa ndefu, naye hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Alitoa kipande cha nyavu kwenye mfuko, akaanza kushona pale kwenye benchi. Daktari Bingwa nami tulikuwa tunatoka. Nyangeta akapitisha sindano, akafunga fundo, akauma uzi wa nailoni kwa chonge la kulia, akauvuta kwa nguvu pembeni hadi shingo ikageuka. Fundo likakaza. Akafunga jingine.

Tulisimama wote wawili kama tuliopigwa na umeme.

"Dada, rudia hapo," Daktari Bingwa alisema.

"Nirudie nini?"

"Hivyo na meno."

"Si kukaza fundo? Sisi wote Kiriba tunakazaga hivi."

Tulikuwa tumemuuliza anakula nini na anatafunia upande gani, naye alitujibu kweli tupu. Hatukumuuliza meno yake yana kazi gani nyingine. Tulirudi mbio ndani, tukaiambia kompyuta kuhusu uzi: chonge la kulia, mvuto wa pembeni. Wekundu ukahama, ukatulia mbele ya sikio la kulia, palepale alipokuwa anashika. Daktari Bingwa alinikumbatia, mtu na cheo chake, na mimi nikalia waziwazi.

Rufaa ikasitishwa. Nilimtengenezea Nyangeta kifaa cha plastiki cha kuvaliwa kwenye meno ya juu ili mzigo ugawanyike, naye akaanza kukaza mafundo kwa koleo, huku akilalamika kwamba linamchelewesha. Maumivu yakapungua polepole, yakaisha. Taya limebaki kombo vilevile, na uso ni uleule.

Nimestaafu nikiwa mwepesi. Nilihofia nitaondoka nikiwa nimekisia maisha yangu yote. Ninyi mnaoingia sasa mna mashine nzuri kuliko zangu, na nawaonea wivu kidogo. Zitumieni, ila mgonjwa akiwa kwenye benchi, mtazameni na mikono yake.

Sasa naishi Kamunyonge, hapa Musoma, si mbali na kwa bosi wangu wa kwanza, ambaye ni mzee sana na husinzia kwenye kiti barazani. Wiki niliyostaafu nilikwenda, nikamgusa bega.

"Dokta, amka. Imesema."

Alifumbua jicho moja. Nilidhani itabidi nimkumbushe yote tangu plasta.

"Kwa nguvu kiasi gani?" akauliza.

Nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na huyo mama, anakula?"

"Alikuja kuniaga na mahindi ya kuchoma, Dokta. Langu sikulimaliza, akalimaliza yeye."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafumba jicho, akaendelea kulala.