Jina la Wembe

Mnoa visu wa sokoni Lindi, enzi za Mwingereza, hakurudisha chombo cha mtu kabla hajakiita kwa Kilatini alichokiokota jikoni kwa mapadri. Kisu alikiita kulter, mundu falks, shoka sekuris, huku akikupa upande wa mpini. Wachuuzi wa samaki walicheka. Yeye alitemea kinoo mate, akaendelea kunoa. Bi Mwanaasha, mkunga, naye alikuwa mchekaji mkubwa. Lakini asubuhi ile alipofungua upindo wa kanga akatoa wembe, hakucheka.

"Wa kukatia kitovu," alisema. "Binti yangu yu karibu. Wawili wa mwanzo walizaliwa, hawakulia."

Mnoaji hakutema mate. Alinyanyuka, akanawa mikono hadi viwikoni, akakimwagia kinoo maji safi. Alinoa taratibu, akaujaribu wembe kwenye malaika ya mkono wake mwenyewe, kisha akauviringishia kitambaa safi.

"Novakula," alisema kwa upole. "Hilo ndilo jina la wembe, Bi Mwanaasha. La mtoto bado silijui. Akishalia, njoo unitajie."