Madumu Kumi na Moja Kwenye Chemchemi ya Vita

Enzi zetu, na mtanisamehe maana nina miaka kumi na saba tu, lakini enzi ni enzi, likizo ya darasa la sita haikuwa ya kulala. Ilikuwa ya vita. Mliokulia Kiseke pamoja nami mnakumbuka: mlango mbovu umelazwa juu ya kreti mbili za soda, mawe ndiyo milima, na majeshi ya udongo wa kichuguu tuliyoyachoma kwenye jiko la mkaa mpaka yakawa yanalia ting ukiyagonga. Tulirusha dadu ya ludo kujua nani kapigwa. Hatua za askari tulizipima kwa futi ya Mama, ambaye ni fundi cherehani, na kila jioni aliitafuta huku akinung'unika, "Futi yangu imeenda tena vitani."

Sheria zilikaa kwenye daftari la Kaka Deus, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuja kwetu kila likizo kutoka Buhongwa. Alikuwa kidato cha pili, na mchezo wenyewe aliujua kutoka mtandaoni. Daftari lilikuwa na sheria kumi na nne. Ya kwanza: mshindi ni atakayesimika bendera yake katikati ya uwanja. Ya kumi na tano haikuwepo, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Mimi ndiyo kabisa. Nilikuwa sisemi. Darasani nikiulizwa, jibu nalijua lakini sauti inaishia kooni. Hata samaki akigawiwa nyumbani, wenzangu wanataja wanachotaka, mimi nasubiri kinachobaki. Mama alikuwa akiniambia, "Usiposema, mwanangu, utakula mkia mpaka uzeeke." Na kweli, mikia nimeila.

Sasa likizo hiyo Deus akatuonyesha picha kwenye simu. Katikati ya mji uliobomoka imesimama chemchemi ya mawe, ile inayorusha maji juu. "Ya kigothiki," akasema, akilitamka neno kama mali yake, yaani ya yale majengo ya kale ya Ulaya, yenye matao yaliyochongoka kama viganja vya mtu anayesali, na nyuso za wanyama wanaotema maji. Akataka mtu wa kuijenga, ikae katikati ya uwanja wetu. Ila isipofanana na picha, akasema, haipandi mezani. Kabula, jirani na rafiki yangu, akanikanyaga mguu chini ya meza. Tukaichukua kazi. Tulikuwa na wiki moja.

Jamani, wiki ile! Kabula alileta boksi jeupe la kubebea samaki, lile jepesi linalolia kwii ukilikwaruza, bado linanuka sangara. Tulipasha spoku ya baiskeli kwenye mkaa, tukawa tunakata nayo matao. Inapita kama kisu kwenye blubendi, na moshi wa boksi unakutoa machozi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Rangi ya jiwe tuliipata kwa kuchanganya majivu na uji uleule. Siku ya tatu kuku wa Mama wakaidonoa usiombe, tukalia, halafu tukaiangalia vizuri: vile vishimo viliifanya ionekane ina miaka mia tano. Kuku wakasamehewa. Nyuso za wanyama hatukuzielewa kwenye picha, basi tukachonga vichwa vinne vya sangara, midomo wazi. Maji yanayoruka tukatengeneza kwa nailoni ya ndoano, na kwenye beseni tukalaza kipande cha kioo. Nilikuwa nalala nikiiwaza, naamka nikiiwaza.

Lakini nilihisi kuna kitu kimepungua. Maji yanatoka, na hakuna mtu? Mimi na Kabula tulichota maji kwenye bomba la mtaa kila siku ya Mungu, na hatujawahi kuona maji yanatoka pasipo foleni. Basi nikachukua kipande cha dumu bovu la njano, nikachonga vidumu kumi na kimoja, kila kimoja kama punje ya harage, nikavibandika kwenye mstari mpaka ukingoni mwa beseni. Cha mwisho nikakiziba kwa kipande cha mfuko wa nailoni, kama dumu letu lililopoteza kifuniko.

Jumamosi Deus akaja kukagua. Akaizunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, hata sangara akawapitisha. Halafu akainama.

"Haya nini?"

"Madumu," akajibu Kabula.

Deus alicheka mpaka akakaa chini. Chemchemi ya kale na madumu ya njano wapi na wapi? Akasema yang'olewe, au chemchemi nzima ishuke. Kabula akanitazama, kwa sababu madumu yalikuwa yangu. Yalikuwa yameshikana na ukingo; kuyang'oa ni kuubomoa.

"Kaka," nikasema. Cherehani barazani ikanyamaza. "Penye maji pana foleni. Hata wanajeshi wanakunywa."

Ikatoka sauti ya Mama huko barazani: "Deus, baba, yale uliyooga asubuhi, foleni alipanga nani?"

Deus akafungua daftari taratibu, akaandika sheria ya kumi na tano: aliye kwenye foleni ya maji hapigwi mpaka ayafikie. Alidhani ananipoza. Mimi nikamweka kapteni wangu nyuma ya dumu la kumi na moja. Kila zamu anasogea dumu moja, jeshi zima la Deus limemzunguka, dadu inarushwa, hagusiki! Alipofika kwenye beseni nikasimika bendera. Deus aliisoma sheria yake mara mbili, akasema daftari limemgeuka.

Jioni hiyo samaki akigawiwa nikasema, "Mama, leo naomba kichwa." Akanipa kama vile nimekiomba siku zote.

Siku hizi Deus yuko Misungwi kikazi, Kabula amehama, na chemchemi iko juu ya kabati. Mdogo wangu Shija, naye sasa darasa la sita, anapigana vita kwenye simu toka asubuhi, kidole tu. Juzi nikamuuliza wanajeshi wake wanakunywa maji wapi. "Hawanywi, dada," akasema, bila kuinua uso.

Nikaishusha chemchemi, nikaipuliza vumbi. Madumu yote kumi na moja yapo, yamepanga foleni vilevile. Nje, bomba letu la uani, tulilovutiwa mwaka jana, lilikuwa linadondosha maji, na hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni.