Disketi za Kakao ya Ipinda

Nakumbuka siku moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kompyuta mpya ilipowashwa katika ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kakao, Kyela. Nilikuwa karani kijana. Meneja akaniagiza nifungue mahesabu ya msimu. Nikaingiza disketi. Kioo kikajaa alama zisizosomeka.

Mwanangu, hasira ya siku ile haijapoa, wala sina haraka ya kuipoza.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi walimiminika na mizani zao, na chama kilitaka kuonekana cha kisasa. Programu yetu ya majedwali haikuwa na ubaya. Unaandika kilo za mkulima, unaweka bei, nayo inazidisha na kujumlisha. Ukibadili bei, majumla yote yanabadilika papo hapo. Nilijifunza peke yangu kwa kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa. Lakini kampuni iliyoitunga huko ng'ambo ilinunuliwa na nyingine, na wenye mali wapya wakaacha kuitoa; kompyuta mpya ikaja na programu nyingine isiyoweza kusoma disketi zetu. Hatukuarifiwa. Nani angeandikia Kyela?

Wakulima walikuwa wamepata malipo ya kwanza tu. Kwa desturi yetu, akishalipwa hayo, mkulima huacha stakabadhi yake ofisini. Meneja alizichoma zote, eti kila kitu kimo ndani ya mashine. Nilipomwomba tuchapishe majedwali kwanza, alicheka.

"Wee karani, karatasi ni gharama. Au unataka kufuga panya?"

Kisha akaiuza mashine ya zamani Mbeya, programu ikiwa ndani yake. Nilipoifuata, mnunuzi alikuwa ameshaifuta, na madukani nikaambiwa programu ile haiuzwi tena.

Malipo ya pili yalipofika, hakuna aliyeweza kuthibitisha kilo za mtu. Meneja akagawa sawa kwa vichwa. Waliouza debe moja walishangilia. Bibi Bupe wa Ipinda alikuwa ameleta kilo mia nne na ishirini, akitegemea kuezeka bati. Alizitua fedha zake mezani, akanitazama mimi, si meneja.

"Mwanangu, mimi nilikuletea kichwa?"

"Hapana, bibi."

"Nilikuletea kakao. Ndaga fijo."

Asante ya namna ile sijapewa tena, na siitaki.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kwetu iliozea ndani ya disketi zisizo na mkwaruzo. Ninazo mpaka leo. Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo kipya kipokee, ila cha zamani usikitoe mkononi kabla hujaona kwa macho yako kwamba kipya kinasoma ulichoweka. Jasho la mtu liandike mahali atakapoweza kulisoma mwenyewe. Na mkubwa akikucheka unapotaka kuchapisha, mwache acheke, wewe chapisha.

Mungu akupe mikono inayotunza na paa lisilovuja. Bibi Bupe hakulipata. Kilo zake, kwa shilingi mia na hamsini kila moja katika malipo ya pili, zilistahili elfu sitini na tatu. Alipewa elfu kumi na nane. Alipunjwa shilingi elfu arobaini na tano.